Mzunguko wa Arobaini

Bendera ilikuwa imekwisha kushuka, watu walikuwa wamekwisha kupiga kelele, na Germaine bado alikuwa na jetoni moja mkononi.

Haikuwa jetoni ya ziada. Asubuhi ile alikuwa amepanga jetoni arobaini kwa kila gari, vipande vya shaba vyenye tundu katikati, na kila gari lilipopita mbele ya meza alitundika kimoja kwenye msumari wake. Mbio ni mizunguko arobaini. Kwenye msumari wa gari jeupe la Kalaba zilining'inia jetoni thelathini na tisa. Kwenye msumari wa gari la buluu la Abibu, thelathini na tisa vilevile. Fanya hesabu yoyote uliyofundishwa, msomaji. Mbio zilikuwa hazijaisha.

"Feza, hesabu tena."

Feza alikuwa akiita namba za magari kwenye meza ileile tangu saa nane. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa akimtazama Kalaba, ambaye watu walikuwa wamemtoa garini na kumpandisha mabegani.

"Yaya, acha," alisema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. "Bantu banafurahi."

"Hesabu."

Feza akapitisha kidole kwenye msumari. "Makumi tatu na kenda," alisema polepole, kama mtu anayetaja jina la maiti.

"Njo vile na mimi minaona."

Hapo ndipo watu walipogundua kwamba gari la buluu halikusimama. Abibu alikuwa amepita chini ya bendera, nyuma ya Kalaba kwa urefu wa magari mawili, na badala ya kupunguza mwendo alikuwa ameongeza.

"Eko naenda wapi ule?"

"Pengine breki zimekatika."

"Hapana, anaogopa kushuka. Baba yake eko namungoja."

Walicheka. Gari likapotea kwenye kona ya ziwa, likasikika upande wa pili likikohoa, likatokea tena kwenye njia iliyonyooka huku likitoa moshi mweusi kama ule wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba mjini. Abibu akapita mbele ya meza. Germaine akatundika jetoni ya arobaini ya gari la buluu. Ile ya gari jeupe ilibaki mkononi mwake.

Gari moja tu ndilo lililokuwa limekimbia mizunguko arobaini. Aliyebebwa mabegani hakuwa dereva wake.

Nikumbushe kwa kifupi, kwa ajili ya wale ambao jirani amelitumia gazeti lao la juma lililopita kufungia chumvi. Njia hii ya mbio, inayozunguka ziwa pale Karavia, ilichorwa na Wazungu wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Walikuja madereva wa Ndola, wa Kitwe, wa Salisbury. Wazee wetu walipanga matita ya majani makavu kwenye kona, na gari likiyapiga, waliyapanga upya. Wazungu walipoondoka waliondoka na magari yao, na waliondoka pia na saa zao za kupimia. Tukabaki na lami.

Ndipo mtu wa mgodini aliposema: kwani sisi hatujui kuhesabu? Mgodini kila mchimbaji akishuka huacha jetoni yake kwenye ubao, na akipanda huichukua. Jetoni iliyobaki jioni ni mtu aliyebaki chini. Basi ubao ukaletwa Karavia, na Germaine akaletwa pamoja nao, maana yeye ndiye aliyekaa kwenye dirisha la jetoni pale mgodini, kama baba yake, mzee André, alivyokaa kabla yake. Miaka saba hakukosea.

Mwaka ule wa 1975, shaba ilikuwa imeshuka bei, petroli ilipatikana kwa karatasi ya mkubwa, na matairi yaliyokimbia Karavia yalikuwa yamekwisha kukimbia kwingine. Hata washangiliaji walishangilia wakiwa wamekaa.

Mwenyekiti wa Komite ya Mbio alifika mezani akifuta shingo. Aliitwa citoyen Mukuka; siku zile kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia. Wakati ule mtu mmoja aliweza kuwa watu wawili: Jumapili alishika bendera ya mbio, na Jumatatu alikuwa mkuu wa wafanyakazi kwenye mgodi uleule wa Germaine.

"Citoyenne Ngoie," alisema, maana jina la ubatizo halikuruhusiwa mbele za watu, "karatasi ya mizunguko. Tia saini, tutoe kikombe."

"Gari jeupe iko na mizunguko makumi tatu na kenda, citoyen."

"Arobaini. Niliandika mwenyewe." Akafungua daftari lake dogo, akahesabu mistari. Arobaini, kweli.

Germaine akautazama mstari wa kwanza. Ulikuwa umeandikwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Saa ile mbio zilikuwa hazijaanza. Ule ni mzunguko wa heshima."

Sasa utaelewa, msomaji, kwa nini kosa hili lisingeweza kutokea mahali pengine. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, Komite ilikuwa imeamuru kwamba kabla ya mbio magari yote yazunguke mara moja polepole nyuma ya gari la jipu lenye bendera ya Chama, chama pekee cha nchi, huku akina mama wa uimbaji wakicheza pembeni. Mukuka aliona magari yakipita, akachora mstari. Alichora kwa moyo safi. Mtu anayechora mistari siku nzima huchora.

Germaine alimwona akielewa. Kwanza midomo ilifunguka. Kisha akageuza kichwa kuelekea jukwaa la wakubwa, ambako wakubwa walikuwa wamekwisha kusimama na kumpigia Kalaba makofi. Kisha midomo ikafungwa.

"Citoyenne," alisema, "unasema mzunguko wa Chama si mzunguko?"

Feza aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Nasema mbio ni arobaini kuanzia bendera ya mbio."

"Nimekuuliza swali lingine."

"Minasikia swali lako."

Mukuka akasogea karibu, na sauti yake ikabadilika. "Sikia. Nilikosea. Unadhani sijui? Lakini nitaandika wapi kwamba mzunguko ule haukuhesabiwa? Na nani atatia saini chini yake? Wewe? Mimi niko na watoto tisa."

"Mimi niko na hesabu tu."

"Basi hesabu na hii. Sema ulisahau jetoni moja. Watu wanasahau. Hakuna mtu anafungwa juu ya kusahau."

Kikombe kilitolewa bila saini. Kalaba alikipokea akitazama viatu vyake.

Nyuma ya mahema, Abibu alikuwa amefungua boneti na kukaa kwenye tairi. Alikuwa fundi wa gereji, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka Maniema, na gari lile alilitengeneza kutoka kwenye magari matatu yaliyokufa. Dada yake, Alima, alisimama kando yake na ubao wa shule kifuani. Siku nzima alikuwa akimwandikia mizunguko iliyobaki. Mwisho aliandika moja, na ile moja bado ilisomeka.

"Uliona bendera?" Germaine alimwuliza Abibu.

"Niliona."

"Na hukusimama."

"Dada yangu aliandika moja. Mutu wa bendera simujue."

Alima akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Njo umeshinda," Germaine alisema. "Mwenye kushinda anakwenda mbio za Kitwe mwezi ujao. Karatasi ya njia iko kwa jina la mshindi."

Abibu alinyoosha kidole kwenye injini. Pistoni moja ilikuwa imevunjika na kutoboa ubavu wa injini, tundu la kuingiza kidole gumba. Mzunguko wa arobaini ndio uliolimaliza gari.

"Kitwe niende na nini? Na baiskeli?"

Germaine aliigeuzageuza ile jetoni mkononi.

"Usiumie kwa ajili yangu, dada. Sikukuomba. Kama unataka kutia saini yao, tia, mimi nitakusalimia vilevile. Ila usiniite nije kupiga makofi."

Haya basi. Mchana Germaine alikuwa na ushindi wa kulinda. Jioni hata mwenye ushindi hakuwa na pa kuuweka.

Jumatatu Mukuka alimwita Germaine ofisini. Hakumkaribisha kiti, lakini si kwa ubaya. Kiti cha pili kilikuwa kimevunjika tangu mwaka uliopita.

"Jumamosi salongo itafanyika Karavia," alisema. Unajua salongo, ile kazi ya bure ya Jumamosi ambayo kila mtu alipaswa kuifanya kwa ajili ya taifa. "Tutakata majani ya njia. Baada ya kazi utapewa mikro uongee mbele ya watu. Utasema ulisahau jetoni, utaomba radhi kwa Chama na kwa watu. Dakika moja. Halafu kila mtu anakwenda nyumbani."

"Na nisiposema?"

Akatoa karatasi kwenye droo, akaiweka mezani ikimwelekea yeye mwenyewe, na Germaine akayasoma maandishi kichwa chini. Ilikuwa ya kumwondoa Germaine kwenye dirisha la jetoni. Ilikuwa na tarehe. Haikuwa na saini.

"Nyumba inafuata kazi," Mukuka aliongeza. "Hilo si mimi niliamua. Iko hivyo tangu zamani."

Nyumba ile ya kambini, vyumba viwili na jiko la nje, ndimo mzee André alimopata watoto sita na kuwazika wawili. Germaine alimkuta akimenya mihogo.

Akamweleza yote. Mzee alimenya mpaka mwisho.

"Ulihesabu ngapi, mama?" Ndivyo alivyomwita binti yake tangu mkewe afariki.

"Makumi tatu na kenda."

"Basi ni makumi tatu na kenda."

Akaosha kisu. Akaitia mihogo sufuriani, na Germaine akadhani mambo yamekwisha hapo.

"Lakini uwaambie umesahau," mzee alisema.

"Baba?"

"Mimi nilikaa kwenye dirisha ile miaka makumi mbili na sita. Niliona Wazungu banaenda, niliona vita mbili, niliona mji banabadilisha jina, na mimi banabadilisha jina. Kila mara nilifunga mizigo, nikafungua. Sina nguvu ya kufunga tena. Sema umesahau. Ni neno tu."

Ilikuwa mara ya kwanza Germaine kumwona baba yake akiogopa bila kuona haya. Akamwambia atafikiri. Usiku ule alikuwa amekwisha kukubali. Nakwambia wazi, msomaji, ili usimfanye shujaa kabla ya wakati. Alikuwa amechoka, na neno lenyewe lilikuwa dogo.

Jumatano, Kalaba alikuja kumngoja kwenye lango la mgodi. Alivaa abakosti mpya, lile koti la bila tai, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Nimekuja kukuambia kitu kimoja," alisema. "Breki zangu zilikuwa zimekwisha kwenye mzunguko wa makumi tatu na tano. Ningefanya mwingine mmoja ningeingia ziwani. Bendera ile iliniokoa."

"Kawaambie hivyo."

"Baba ya bibi yangu, mukwe wangu, njo alinipa gari. Yeye na Mukuka banakula pamoja. Unataka nirudishe kikombe, nilale wapi?"

"Kumbe sisi wote ni mambo ya pa kulala."

Kalaba alitabasamu bila furaha. "Sema ulisahau, dada. Mimi najua hukusahau. Abibu anajua. Mukuka anajua. Tunajua wote, inatosha."

Karibu itoshe. Germaine angekuwa mwalimu au muuza vitambaa, ingetosha.

Alhamisi, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, wachimbaji walipita dirishani kama kawaida, mmoja mmoja, kila mtu na kofia yake na taa yake. Mwanamume mmoja aliyeitwa Alexis, mtu wa mzaha, aliyeshuka mgodini tangu Germaine akiwa msichana wa shule, alisimama na jetoni yake na hakuiachia.

"Dada Germaine. Banasema ulisahau jetoni kule Karavia."

"Nani anasema?"

"Bantu. Banasema Jumamosi utaomba pardon."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu." Alicheka, na nyuma yake watu wakacheka. "Yangu ni mia nne na saba. Utaikumbuka?"

"Weka hapa, Alexis. Unachelewesha watu."

Akaiweka. Lakini kidole chake kilikaa juu yake kidogo zaidi ya siku nyingine. Na aliyemfuata, mtu ambaye hakuwahi kusema neno dirishani, aliitaja namba yake kwa sauti. Aliyemfuata naye akaitaja. Wakashuka wote sitini na wawili, na wote sitini na wawili walikuwa wamezitaja namba zao, kana kwamba ubao umekuwa kiziwi.

Germaine alikaa akitazama misumari. Sasa alikuwa ameelewa kile ambacho Mukuka, na kiti chake kilichovunjika, hakuwa amekihesabu. Akikataa, wangemwondoa dirishani. Akikubali, angebaki dirishani, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angeshuka chini akiwa ametulia. Mtu aliyesahau mara moja, mbele ya mikro, kwa kinywa chake mwenyewe, anaweza kusahau mia nne na saba.

Jioni walipanda wote sitini na wawili. Aliwahesabu mara tatu.

Jumamosi watu walifika Karavia na mapanga na majembe. Walikata majani kwa mwendo wa watu wanaojua kwamba yataota tena. Saa tano Mukuka alipiga filimbi, na watu wakaja kusimama mbele ya jukwaa, wakiegemea mipini. Alexis alikuwepo na kundi lake. Mzee André alikuwa amekaa juu ya jiwe. Abibu na Alima walikuwa nyuma kabisa. Kalaba alikuja na kikombe, kwa kuwa alikuwa ameambiwa aje nacho.

Kando ya jukwaa kulikuwa na lile jipu la Chama, na ndani yake watu wawili ambao hawakukata majani.

"Citoyenne Ngoie ana neno fupi," Mukuka alisema, akampa mikro.

Germaine aliishika kwa mikono miwili. Ilipiga mluzi, ikanyamaza.

"Jumapili tulifanya mzunguko wa heshima," alianza. "Tuliimba. Mimi pia niliimba."

Mukuka akaitikia kwa kichwa. Mwanzo mzuri.

"Ule ulikuwa wa heshima. Mbio zilianza nyuma yake. Gari nyeupe ilikimbia makumi tatu na kenda. Gari ya buluu ilikimbia arobaini. Karatasi ya Komite inataka mimi niseme nilisahau."

Mpini mmoja ulianguka mahali fulani. Mukuka aliruka jukwaani na kuifunika mikro kwa kiganja.

"Germaine," alinong'ona, na hilo lilikuwa jina ambalo hakuwahi kulitumia. "Germaine, nakuomba. Neno moja tu. Angalia watu hawa, angalia baba yako. Sisi wote tumechoka. Omba radhi, twende nyumbani."

Mlango wa jipu ukafunguliwa. Mtu mmoja alishuka, akaufunga taratibu nyuma yake. Katikati ya umati, Kalaba akaanza kutembea kuelekea jukwaani na kikombe mkononi, akipasua njia kwa bega, na hakuna aliyejua anamwendea nani.

Germaine alikiondoa kiganja cha Mukuka juu ya mikro, kidole kimoja kimoja, bila hasira.

"Na mimi nimechoka," alisema, na sauti yake ikafika mpaka ziwani. "Lakini sikusahau. Siombi radhi."